Waliokuja Kuuliza Hali ya Mama

Siku ile fundi alikula chakula cha mchana akiwa kazini, mkono mmoja kwenye sahani na mwingine kwenye kibodi, maana meneja alitaka taswira ya seva iwe imepandishwa mtandaoni kabla jua halijazama.

Kazi yenyewe haikuwa ngeni kwake. Kampuni iliuza tiketi za mabasi kwa njia ya simu, na seva zake, kompyuta zinazohudumia wateja, zilikuwa za kukodi mtandaoni kutoka kwa wenye wingu, watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Fundi alichukua kompyuta moja akaipanga jinsi seva ya kampuni inavyotakiwa kuwa: programu ya tiketi ikae wapi, mlango gani ufungwe, upi uachwe wazi. Ikishakaa sawa, huipiga taswira nzima nzima, nakala kamili ya kila kilichomo, na taswira hiyo ndiyo inayopandishwa kwa wenye wingu ikawa kalibu. Abiria wakizidi, seva mpya hufyatuliwa kutoka humo kama matofali. Wakipungua, huzimwa. Kila seva huzaliwa ikijua yote ambayo kompyuta ya kwanza iliyajua siku ilipopigwa taswira, na haijui lolote lililotokea baada ya hapo.

Ndiyo maana kompyuta husafishwa kwanza. Fundi hufuta funguo zake za siri za kuingilia, hufuta amri alizoandika, hufuta jina lake na nyayo zake zote, mpaka ionekane kama imejipanga yenyewe. Ni kazi ya kuchosha, haina ahsante, na haitaki haraka.

Adhuhuri mdogo wake alipiga simu kutoka hospitali, ambako mama yao alikuwa amelazwa kwa maradhi ya moyo.

"Dada, daktari anasema tuje wote."

"Wote maana yake nini?"

"Maana yake njoo."

Fundi alikwenda kwa meneja. Meneja hakuwa mtu mkali. Alikuwa na sauti laini, na desturi ya kumpa mtu pole kabla ya kumkatalia.

"Pole sana," alisema. "Mama ni mama. Lakini shule zinafunga, watu watasafiri, na taswira hii unaijua wewe peke yako. Ikishapanda tu, nenda. Hata kesho usije."

Akarudi kitini. Chini ya meza kulikuwa na mfuko wenye ndara za manyoya alizomnunulia mama, kwa sababu mama alisema sakafu ya wodi ina baridi. Roho ilikuwa juu juu, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Ili awahi, aliruka usafi. Akaipiga taswira kompyuta ikiwa vile vile, moto wa vidole vyake ukiwa bado kwenye kibodi, akaanza kuipandisha.

Mtandao ulikuwa mzito. Taswira ilifika karibu na mwisho ikakatika, akaanza upya. Simu ilitetemeka. Ya kwanza aliipokea, akasema anakuja. Zilizofuata alizitazama tu.

Alipofika wodini kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya. Mdogo wake alikuwa kwenye benchi nje, mkoba wa mama mapajani. Hakumlaumu. Alisogea tu, akampa nafasi ya kukaa.

Walizika. Mdogo wake akahamia kwa fundi ili amsaidie kulea binti yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Kengele kwa sababu ya sauti yake. Shule zikafungwa. Meneja akaamuru seva zifyatuliwe kutoka kwenye taswira mpya, na tiketi zikaanza kuuzwa bila tatizo.

Jioni ya siku hiyo fundi alikuwa jikoni akichagua mchele. Mlango ukabishwa, mdogo wake akaenda kufungua. Mlangoni alisimama fundi, amevaa blauzi ya siku ile, yenye doa la mchuzi kwenye mkono, ameshika mfuko wa ndara.

"Mama anaendeleaje?" aliuliza hata kabla ya kuvua viatu.

Mdogo wake alimtazama, kisha akageuka kutazama jikoni, ambako dada yake alikuwa amesimama na ungo.

"Ingia kwanza," alisema.

Fundi wa jikoni alitoka, akamwona fundi wa mlangoni, na wote wawili wakaelewa kwa pamoja.

"Sikusafisha," alisema wa jikoni.

"Hatukusafisha," alisema wa mlangoni. "Ningechelewa. Mama vipi?"

Wakamwambia. Alilia jinsi fundi alivyolia, paji la uso ukutani, mahali pale pale. Walikuwa bado wamemshika mabega wakati abiria walipopungua na seva ikazimwa, mikono yao ikabaki imeshika hewa. Ndara zilibaki sakafuni.

Kesho yake walikuja wawili. Mwisho wa wiki, watu walipoanza kusafiri kweli kweli, walijaa hadi ukumbini. Walifika jua likielekea kuzama, saa ambayo fundi alitoka ofisini siku ile, kila mmoja na mfuko wake, kila mmoja na swali lile lile. Kengele aliwaita mama wa blauzi, akawa anawapangia viatu mlangoni. Jirani wa upande wa pili aliuliza mara moja tu.

"Wewe na ndugu zako mmefanana sana."

"Si ndugu. Ni mimi."

"Ahaa. Basi mkizidi mniambie mapema, nina mabenchi."

Ndara zilipokuwa nyingi mdogo wake alianza kuzigawa. Baada ya muda mtaa mzima ulikuwa unakwenda dukani kwa ndara za manyoya za saizi moja, na waliokuwa na miguu mikubwa walikanyaga visigino nje bila kulalamika.

Kilichomchosha fundi hakikuwa wingi wao. Chai ilitosha, na wenyewe walikuwa wepesi wa kuosha vikombe. Kilichomchosha ni kuwaambia. Kufiwa mara moja ni msiba, lakini kufiwa kila magharibi ni kazi, na yeye alikuwa na kazi tayari. Mchana, kila simu za abiria zilipoongezeka, alihesabu kichwani: huyu mmoja, huyu mwingine, jioni nitawaambia nini? Akawa anaombea mvua, ili watu waahirishe safari.

Alikwenda kwa meneja kuomba apige taswira nyingine, safi.

"Hii ina kasoro gani?" aliuliza meneja.

"Inanileta mimi nyumbani. Wengi. Wanamuulizia mama."

Meneja alitafakari kama mtu mwenye haki. "Pole sana," alisema. "Wanakula kwako au wanakula kwa kampuni?"

"Kwangu."

"Na tiketi zinauzwa?"

"Zinauzwa."

"Basi tusiguse. Kinachokwenda hakisukumwi." Kisha akaongeza, kwa upole, "Wasije tu hapa wakadai kusaini mahudhurio."

Siku zilivyokwenda, mdogo mtu alichoka kabla ya dada yake. Jioni moja mlango ulipobishwa, alifungua, akaulizwa, akajibu, "Mama amelala. Anaendelea vizuri. Kaa unywe chai."

Yule aliyeulizia alivuta pumzi, mabega yakamshuka. Akakaa. Akanywa chai, akacheza na Kengele, akasimulia jinsi mtandao ulivyomsumbua, hata akacheka. Akazimwa akiwa anacheka.

Fundi alimvuta mdogo wake jikoni. "Umemdanganya."

"Nimempa jioni moja."

"Mimi hakuna aliyenipa."

"Wewe uliniambia unakuja," alisema mdogo wake, sauti ikiwa ile ile ya kawaida. "Na mimi nikamwambia mama unakuja. Akasema basi ngoja nimsubiri. Hilo sikukwambia. Sasa nimekwambia."

Fundi alishika ukingo wa sinki. Ukumbini wenzake waliobaki walikuwa wanaulizana kama kuna sukari. Alisimama pale mpaka maji ya birika yakakauka, kisha akajaza mengine, akawapelekea sukari. Tangu jioni ile hakuna aliyeambiwa tena.

Ila mmoja hakuridhika na chai. Ilikuwa mkesha wa sikukuu, tiketi zikigombewa, na seva hazikuwa na dalili ya kuzimwa. "Kama amelala, nitamtazama akiwa amelala," alisema, akachukua mfuko wake. Fundi akavaa viatu, akamfuata. Walitembea bega kwa bega, wakinyamaza, maana kila alilotaka kusema mmoja mwenzake alilijua. Askari wa geti la hospitali alitazama saa ya kuona wagonjwa, akawaruhusu wote wawili kwa kitambulisho kimoja.

Kitandani kwa mama alilala bibi mwingine, macho yameelekea mlangoni.

Mwenye mfuko alisimama. Alimtazama bibi, akamtazama fundi, na hakuuliza. Kisha akatoa ndara akaziweka chini, sawa na miguu ya kitanda, akavuta kiti.

"Umetoka kazini?" aliuliza bibi.

"Ndiyo, mama."

"Wangu naye yuko kazini. Kasema anakuja."

"Atakuja," alisema mwenye mfuko, akamshika mkono. Fundi alikaa upande wa pili. Muuguzi alipopita kuwaambia muda umekwisha, kiti cha mwenye mfuko kilikuwa kitupu, na bibi alikuwa amesinzia, vidole vyake vimefumba kama vimeshika kitu.

Likizo zilipokaribia kwisha alikuja mkaguzi wa usalama wa mitandao. Alipekua seva, akakuta funguo za fundi zimeachwa ndani ya kila moja, akaandika kwamba taswira ile ifutwe na mpya ipandishwe bila kuchelewa. Meneja alitia saini siku hiyo hiyo. Jioni yake fundi hakumwambia mtu kitu. Aliwaandalia wote chai ya maziwa, akawazungukia mmoja mmoja, na kila aliyemuuliza alimjibu mwenyewe, "Mama anaendelea vizuri."

Kesho yake aliketi mbele ya kompyuta mapema, ameazimia kuisafisha vizuri. Alikuwa amefika katikati ya usafi wakati mdogo wake alipopiga simu.

"Kengele ana homa. Anaweweseka. Nimempa dawa, haijashuka. Anakuita."

Fundi alikwenda kwa meneja. Meneja alisimama kabisa, kwa heshima.

"Pole sana," alisema. "Mtoto ni mtoto. Lakini mkaguzi amenipa mpaka leo. Ipande, tuzizime za zamani tuwashe mpya, ukae kidogo uone kama zimesimama vizuri. Halafu nenda."

"Kidogo ni lini?"

"Jioni hivi. Tuone."

Alirudi kitini. Funguo zake alikuwa ameshazifuta, na hizo ndizo mkaguzi angezitafuta. Zilibaki nyayo: jina lake, amri zake, joto la mikono. Amri ya kuzifuta alikuwa ameshaiandika, ilikuwa imebaki kubonyeza tu. Aliiangalia. Seva mpya zingewaka mara tu taswira ikishapanda, na yeye angebaki pale kuzitazama. Wao wasingekuwa na meneja. Wangetoka moja kwa moja kwenda kwa mtoto.

Akaifuta amri, nyayo akaziacha. Akapiga taswira akiwa ameshika kibodi kwa mikono yote miwili, akimuwaza mtoto na hakuna kingine, akaipandisha. Mara hii mtandao ulikuwa mwepesi. Seva za zamani zikazimwa, na kuanzia dakika ile hakukuwa tena na mtu popote aliyedhani mama yake yu hai.

Meneja alivuta kiti karibu naye. Walizitazama seva mpya. Zilisimama vizuri. "Tuzitazame tena kidogo," alisema meneja.

Taa za barabarani zilikuwa zimewaka fundi alipofika nyumbani. Mlangoni palijaa viatu vyake. Ukumbini walikaa kwenye mabenchi ya jirani, wamevaa gauni alilovaa yeye, kimya, wamebanana. Mmoja alikuwa anakamua kitambaa kwenye beseni. Mmoja alikuwa jikoni anakoroga uji. Mdogo wake alikuwa amelala kitini, mdomo wazi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kengele alikuwa amelala kifuani kwa mmoja wao.

"Homa?" aliuliza fundi.

"Imeshuka kabla ya magharibi," alijibu aliyembeba, kwa kunong'ona. "Aliamka, akauliza tumefikaje mapema."

Simu ya fundi ikatetemeka. Meneja aliandika kwamba anashukuru sana, anampa pole kwa mtoto, na kesho waanze mapema. Fundi akajibu sawa.

Alinyoosha mikono. Lakini mwenzake mwingine alikuwa ameshanyoosha yake, na wa tatu alikuwa ameshakaa mkao wa kupokea, na haki ilikuwa yao, maana walitangulia. Waliokuwa kwenye benchi wakasogea. Fundi akaketi mwishoni, mikono mapajani, akangoja zamu yake.