Shahada Yenye Neno la Ziada

Inatangazwa kwa wote wanaohusika kwamba, kuanzia Jumatatu, mlango wa kushoto wa Shule ya Sheria utatumika kwa kuingilia na wa kulia kwa kutokea. Atakayetoka kwa mlango wa kushoto atahesabiwa kuwa bado yumo ndani.

Tangazo hilo lilikuwa na mihuri miwili. Orodha ya waliokubaliwa kusomea uwakili, iliyobandikwa chini yake, haikuwa na hata mmoja, wala haikuwa na jina la binti wa karani. Alilitafuta mara tatu, mara ya mwisho akianzia chini kwenda juu, kana kwamba orodha hupunguza ukatili ikisomwa kinyume. Kisha akaenda dirishani kuchukua barua yake.

Baba yake alikuwa amestaafu ukarani wa mahakama baada ya miaka thelathini na mmoja. Hukumu za watu wengine zilipita mikononi mwake hata akaamini kwamba uzito wa jambo hupimwa kwa urefu wa maneno yake. Binti alipomaliza sekondari, fomu ya chuo kikuu ilitaja shahada mbili: Shahada ya Sheria na Shahada ya Masomo ya Sheria. Karani aliweka kidole juu ya ile ya pili.

"Hii ina neno zaidi," alisema. "Mahakamani neno haliongezwi bure."

Binti, ambaye moyo wake ulikuwa kwenye ile fupi, alitii. Kwa miaka minne alisoma mikataba, ushahidi na mirathi, akahitimu akiwa wa pili darasani. Hakuna aliyemwambia kwamba shahada hiyo humwandaa mtu kuijua sheria, si kusimama nayo mbele ya hakimu.

Nyumbani alimkuta shangazi yake akipiga pasi sebuleni.

"Haya, Mheshimiwa! Tukuinukie, au tuendelee kukaa?"

"Kaeni tu, shangazi."

Shangazi aliirudia pasi yake.

Karani alikuwa kitini pake. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, na huyo hakuwa mtiifu kama huyu wa kumzaa. "Nisomee, mwanangu," alisema.

Alimsomea kumbukumbu namba, salamu, wingi wa waombaji na uchache wa nafasi, kisha jina la aliyetia sahihi.

"Umeruka aya."

"Sijaruka, baba."

"Barua hizi nilianza kuzipiga chapa kabla mama yako hajanijua. Barua ya kukataa haikosi 'kwa kuwa'. Iko wapi?"

"Imefutika."

"Wino wa ofisi haufutiki siku ya kwanza. Soma."

Akasoma: "Kwa kuwa mwombaji ana Shahada ya Masomo ya Sheria, ambayo si Shahada ya Sheria."

Nguo ilianza kuungua chini ya pasi.

"Usijitese, kaka," shangazi alisema. "Fomu ile hata mimi ningekosea."

"Wewe usingekosea. Wewe hupendi kusoma, ungechagua fupi."

Asubuhi iliyofuata karani alimtaka binti akae mezani, akaanza kumtolea maneno ya rufaa ayaandike: "Mtoto alitaka shahada ile nyingine. Mimi ndiye niliyemzuia, kwa kujidai mjuzi. Kama ipo adhabu, naomba inifikie mimi."

"Baba, hili siwezi kuliandika."

"Karani hatungi, mwanangu. Karani huandika."

Akaandika, akiuepusha uso na karatasi ili isilowe.

Jibu lilifika baada ya wiki sita:

"Jopo limeipitia rufaa na kuridhika kwamba kosa la kuchagua shahada lilikuwa la mzazi peke yake, na kwamba mwombaji hana lawama yoyote. Kanuni za udahili hazitofautishi wenye lawama na wasio nayo. Uamuzi wa awali unabaki kama ulivyo."