Jiko Zima

Mchora mabango alikuwa mrefu hadi akiingia mlangoni anainama, lakini mtaa mzima ulimwita Mzee Kifupi. Jina hilo lilitoka kwenye kazi yake. Umwagize bango la kuwaomba wateja wapendwa wasiegemee ukuta kwa kuwa rangi bado haijakauka, yeye atakuandikia RANGI MBICHI, akunje ngazi yake aende zake. "Maneno mengi hayasomwi," alisema. "Watu wanapita mbio." Hata mdomoni alikuwa hivyo hivyo. Mkewe, fundi cherehani, alidai kwamba siku ya kumposa alisema neno moja tu, tena kwa kukohoa.

Walikuwa na binti mmoja, muuguzi wa wadi ya walioungua. Mwaka huo binti alipata nafasi ya kwenda kusoma mji mwingine, na mtoto wake wa miaka mitatu na nusu alihitaji pa kukaa. Mtoto mwenyewe alianza kusema kabla hajafumbua macho asubuhi, akanyamaza usingizi ukimkata neno katikati, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Nyumba mbili zilimtaka: hii ya babu na bibi, na ya shangazi yake, iliyokuwa mpya na yenye kila kitu.

"Baba, mimi kila siku nawafunga bandeji watoto walioungulia majumbani kwao, si vitani," binti alisema kwenye simu. "Jumamosi saa nne nakuja kukagua. Nikiridhika, Chiriku anabaki kwenu. Nisiporidhika anakwenda kwa shangazi yake, na tusinuniane."

"Sawa," alisema Mzee Kifupi.

Alipokata simu alikaa juu ya kopo la rangi. Alimtaka mtoto yule kuliko alivyoweza kusema, na kusema kwenyewe hakukuwa fani yake. Nyumba ilikuwa imepoa mno. Alitamani tena ile sauti ya kumuuliza kwa nini nyekundu ni nyekundu, na yeye ashindwe kujibu.

Basi akajiandaa kwa njia pekee aliyoijua. Kufikia Ijumaa mchana nyumba yake ilikuwa na maandishi mengi kuliko barabara kuu. Kabati la chini, penye dawa ya panya, aliliandika SUMU kwa rangi nyekundu ya kung'aa. Pipa la maji lisilo na mfuniko aliliandika HATARI. Chupa ya maji ya kunywa iliyojaa mafuta ya taa ikapata MAFUTA, na ile ekstensheni iliyobeba friji, televisheni, pasi na cherehani kwa pamoja ikapata USIONGEZE. Mkewe alikuta hata mkasi wake umebandikwa karatasi.

"Mzee wangu, na mimi utaniandika?"

"Nitakuandika KALI," alijibu, naye mkewe akamrushia kitambaa.

Jumamosi asubuhi mkewe alitoka kupeleka sare za mteja, huku akipenga mafua yaliyomkaa tangu Alhamisi. Mzee Kifupi akaingia jikoni kuchemsha chai, na pale mlangoni tu harufu ya gesi ikampiga puani. Akafunga koki ya mtungi haraka, akafungua dirisha harufu ikaisha. Kisha akachovya brashi yake kwenye maji ya sabuni, akaufungua mtungi kidogo tu, akapaka mpira mzima wa gesi. Karibu na jiko povu likavimba, likapasuka, likavimba tena. Mpira ulikuwa umechanika. Akafunga koki tena.

Saa ilikuwa tatu. Duka la vifaa halikuwa mbali. Hakutaka mtu yeyote aliguse jiko lile kabla hajarudi, kwa hiyo alichukua karatasi na brashi, akaandika, akabandika juu ya jiko: JIKO ZIMA. Herufi nane. Akalitazama kwa jicho moja, akaridhika, akatoka akipiga mluzi.

Alirudi na mpira mpya na vibano viwili. Getini akakutana na binti yake na Chiriku, wamewahi kwa dakika kumi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Shikamoo, Babu! Babu, huo ni mkia wa nani?" Chiriku aliuliza, akiushika mpira.

Mzee Kifupi akawapitisha sebuleni, kifua mbele, akiwaonyesha maandishi yake moja baada ya jingine. "Mwenye macho haambiwi tazama," alisema kwa majivuno. Binti yake aliyatazama yote. Chiriku akaziba pua.

"Babu, kunanuka yai bovu."

Hapo hapo wote wakasikia kutoka jikoni mtu akitikisa kibiriti kujua kama kina njiti. Mkewe alikuwa amerudi kupitia mlango wa nyuma. Mzee Kifupi akakimbilia jikoni.

"Usiwashe!"

Walimkuta amesimama mbele ya jiko, njiti vidoleni, sufuria imeshatengwa, koki imeshafunguliwa.

"Nini tena?" alisema kwa sauti ya mafua. "Si umeandika mwenyewe jiko zima? Nimesoma nikasema, kumbe lilikuwa bovu, na leo mume wangu kaamka na baraka, kalitengeneza bila kusukumwa."

"Nimeandika zima! Lizimwe!"

"Na mimi nimesoma zima! Yaani si bovu!"

"Husikii harufu?"

"Kwa pua ipi?"

"Mtagombania nje!" alisema binti, na sauti yake ilikuwa ya muuguzi kazini, si ya mtoto kwa wazazi. "Chiriku, kimbia getini. Mama, njiti na kibiriti viache hapo, utoke. Baba, funga koki. Asiguse mtu swichi, wala taa, wala feni." Yeye mwenyewe akasukuma dirisha na mlango wa nyuma vikawa wazi kabisa, akatoka wa mwisho.

Walisimama getini wote wanne. Aliyeanza kucheka ni fundi cherehani, akacheka hadi akakaa chini. "Zima!" alisema akijifuta machozi. "Miaka yote nakuambia ongeza maneno, unasema rangi itaisha!" Binti naye akashindwa kujizuia. Mzee Kifupi hakucheka. Alikuwa anauangalia mkono wa mkewe, ule ulioshika njiti. Maisha yake yote aliwaandikia watu wengine hatari zao, na nyumbani kwake nusura amuue mkewe kwa herufi nane. Wahenga walisema mganga hajigangi.

Harufu ilipoisha kabisa waliingia tena. Binti hakumlaumu kwa lile la jiko. Alichuchumaa mbele ya kabati la chini, akamwita mwanawe.

"Chiriku, hapa pameandikwa nini?"

Mtoto akapitisha kidole kwenye ile nyekundu inayong'aa, taratibu, kwa mapenzi. Akafikiri.

"Pipi," alisema.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee Kifupi alitazama SUMU yake aliyoipendezesha kwa mkono wake, akaona jinsi ilivyokuwa nzuri. Kisha akatazama chupa ya mafuta ya taa, bado ni chupa ya maji kwa asiyejua kusoma.

"Baba," binti alisema kwa upole, "najua umejitahidi."

Neno "umejitahidi" lilimuuma kuliko matusi. Alijua ndilo watu wanalotumia kabla ya kufunga begi.

"Nipe hadi saa kumi," alisema. Halafu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia, akaendelea kusema. "Mwanangu, mimi namtaka huyu mtoto. Nilijua kuandika tu, nikaandika. Sikufikiri kwamba hawezi kusoma. Nionyeshe pa kuanzia, nitafanya kwa mikono, na nikikosea niambie, nitarudia. Usimpeleke bado."

Mkewe alimtazama kana kwamba friji imesema. Binti akavua viatu, akasema, "Haya, tuanzie chini, kwenye urefu wake."

Walitambaa, watu wazima watatu, wakiitazama nyumba kwa macho ya mtu wa miaka mitatu na nusu. Dawa ya panya ilipanda juu kabisa, ndani ya sanduku la kufuli. Mafuta ya taa yalirudi kwenye kopo lake la chuma, stoo, mlango ukafungwa. Pipa likapata mfuniko wa mbao na jiwe juu yake. Pasi na cherehani zikatafutiwa soketi nyingine. Mtungi ukahamishiwa nje ya ukuta, mpira mpya ukakazwa kwa vibano, ukapakwa sabuni, na wote wanne wakainama kusubiri povu. Halikuja.

"Sasa wewe," Mzee Kifupi alimwambia mjukuu. "Kukinuka yai bovu?"

Chiriku akaziba pua akatimua mbio hadi getini, akarudi, akaomba kurudia, akarudia mara sita. Mara ya saba mama yake alikuwa ameshaingiza begi la nguo ndani, akawa anazipanga kwenye droo, amewapa mgongo ili asionekane akilia.

Maandishi yalifutwa yote, isipokuwa lile la jiko, ambalo mkewe alikataa lifutwe, likahamishiwa ukutani, juu ya mtungi. Ikawa kila baada ya kupika, Chiriku anapelekwa kuligusa, na babu yake anafunga koki huku mtoto akipiga kelele, "Zima!"

Wiki ile binti alipopiga simu kutoka mji mwingine, Mzee Kifupi alimpa mjukuu aongee kwanza.

"Mwanangu!" mama alisema. "Hamjambo? Mko wazima?"

"Tumezima, Mama!" alijibu Chiriku. "Na koki tumefunga!"