Mashauri kwa Joka Jipya

Jumanne saa nne asubuhi Mzee Kasiani alikuwa amekaa kwenye kigoda chake uani, Kiwalani, anachonga sikio la kifaru, mlinzi wa kiwanda cha magodoro alipopiga hodi akiwa na bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na simu ya mwanawe Ferdinand, chaja yake, na barua ya mistari minne. Barua ilisema kwamba siku ya moto Ferdinand alitoka kazini saa sita mchana, saa mbili kabla moto haujaanza, na kwamba kiwanda hakijui alikokwenda. Simu aliisahau getini.

Mzee aliisoma barua mara mbili, kwa sababu vumbi la mpingo lilikwisha kumharibu macho. Rosalia, mke wa Ferdinand, aliisoma mara moja ikamtosha. Kiwandani hapo simu za wafanyakazi hukusanywa asubuhi kwenye sanduku la mbao, na kila mtu huchukua yake anapotoka. Ferdinand hakuwa mtu wa kusahau simu. Angeweza kusahau viatu, alisema Rosalia, angeweza kumsahau hata yeye mkewe, lakini simu haiwezekani.

Moto ulikuwa na wiki tano. Mwili haukupatikana. Ofisini kwa vizazi na vifo walimwambia Rosalia kwamba hawatoi cheti cha kifo kwa mtu ambaye kiwanda tangu mwanzo kilisema alitoka kazini saa sita akiwa mzima, mpaka kiwanda chenyewe kiandike kwamba alikuwa ndani. Padri alikuwa tayari kumwombea, ila hakujua amwombee kama marehemu au kama msafiri. Ndugu waliokuja kutoka Newala walikaa siku tisa chini ya turubai, wakachoka kusubiri, wakarudi kwao kupalilia. Matanga hayakuanuliwa, maana hata kuwekwa hayakuwekwa sawasawa. Mzee Kasiani hakuwa anataka kitu kingine duniani: kiwanda kiandike kwamba mwanawe alifia humo, ili wapate kumlilia wamalize.

Rosalia akaichaji simu. Ilipowaka alifungua ule mchezo ambao mumewe alikuwa akiucheza kila akitoka kazini, mchezo wa mtandaoni wa watu wa nchi zote, kila mtu na kiumbe chake. Ferdinand alikuwa joka. Joka lilikuwepo, limekaa juu ya mlima, linapumua. Rosalia akabonyeza kulia, akabonyeza kushoto, halikumtii. Kisha maneno yakatokea chini ya kioo: *Rosa, acha kubonyeza, unanitekenya.*

"Baba," Rosalia aliita, "Ferdi yuko hewani."

"Mwulize kama amekula," alisema Mzee.

Ferdinand alijibu kwamba kule hawali sana. Akaandika kwamba ana jambo la kumwambia baba yake, ila kuandika kunamchosha, kucha ni ndefu. Kwenye mchezo ule watu husikiana sauti wakiwa karibu karibu tu. Basi baba ajiandikishe joka jipya kwa simu ya Rosalia, apande mlimani, waongee. Rosalia angekwenda mwenyewe, lakini alisema akimwona atamgombeza kwanza, na mambo yataharibika.

Kwa hiyo Mzee Kasiani, mwenye miaka sitini na minane, akawa joka. Aliwekwa bondeni kama majoka yote mapya, na mlima ulionekana kwa mbali. Kwa kuruka ilikuwa safari ya nusu saa. Mzee akakataa kuruka. Huko chini kulikuwa na watu: wanaolima, wanaoteka maji, wengine wamelala kivulini. Mtu hamruki mwenzake, aliyelala wala aliye macho; unamwomba njia au unazunguka. Ndege za abiria zilikuwa zikipita juu ya bati lake Kiwalani mchana kutwa kwa miaka thelathini, na alikuwa hajazisamehe hata moja.

Akaenda kwa miguu. Kila alasiri, akishaweka tezo chini, alishika simu ya Rosalia na kulitembeza joka lake saa nzima, na kila alasiri Ferdinand alimwandikia shauri moja, kifupi kifupi. Asiteme moto wiki ya kwanza, kwa kuwa joka jipya huchoma kiota chake lenyewe. Alale kwenye mwamba, asilale kwenye nyasi. Asihuzunike akiona watu wanamkimbia, wale wamewekwa pale kukimbia, ndiyo kazi yao.

Hilo la tatu Mzee hakulifuata. Alisimama kwa kila kundi akawapa habari za mchana, na siku ya nne wakulima wakaacha kukimbia. Siku ya sita kuna mmoja alimwonyesha kivuko. Mgongo ulikuwa ukimuuma kwa kuinamia kioo, na vifaru vya watu vilikaa bila masikio, lakini aliendelea. Rosalia alikuwa akimmiminia chai na kumshikia simu anapokunywa.

Siku ya kumi na moja akafika.

"Shikamoo, baba," lilisema joka la mlimani, kwa sauti ya Ferdinand, ile ya mafua ambayo hayakuwahi kumwisha.

"Marahaba, mwanangu. Umechoka."

"Nimechoka, baba. Umekuja kwa miguu yote hiyo?"

"Ningewaruka watu."

Ferdinand alicheka, moshi kidogo ukamtoka puani. Wakakaa. Nyuma ya joka palikuwa na pango, na kwa kuwa mvua ilikuwa inaelekea kunyesha kule kwenye mchezo, Mzee alitaka kuingia.

"Usiingie humo," Ferdinand alisema. "Hilo ndilo shauri nililokuitia. Joka jipya lisiingie kwenye pango lenye mlango mmoja. Na mlango wenyewe ukiwa unafungiwa nje, hata karibu usisogee."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Kulekule kazini."

Akamweleza. Yeye alikuwa mtu wa boila, peke yake chumbani. Boila ikiachwa dakika kumi mvuke unashuka, magodoro yanatoka na mabonde. Kwa hiyo kila siku akishakula, msimamizi alikuwa anamfungia kwa nje, asije akatoka kununua sigara au kupunga upepo.

"Nilikuwaga nambishia mwanzoni," alisema. "Baadaye nikazoea. Siku ile moto ulianzia kwenye stoo ya sponji, mie nikasikia harufu tu. Nikagonga. Nikagonga mpaka mikono ikachoka, baba. Walikuwa wanakimbia, sikusikia mtu wa kurudi."

"Iliuma?"

"Mwanzoni."

Mzee Kasiani alilia palepale uani, simu mkononi, na kule mlimani joka lake likakaa limeinamisha kichwa kwenye mvua. Rosalia hakulia. Alifunga kanga yake vizuri, akaenda kiwandani, akawaambia kwamba mume wake amepatikana na ana maelezo ya kutoa.

Alhamisi akaja Bwana Leonardi, afisa wa wafanyakazi, mtu mpole mwenye viatu vilivyolika upande mmoja. Alikuwa na faili na kalamu mbili. Mzee akamkaribisha kiti chenye mto. Kisha akamwambia mwanawe, kama baba yeyote angemwambia, kwamba mgeni amekuja toka mbali, amjibu vizuri, asimkatize, asimfiche kitu.

"Habari za huko?" aliuliza Bwana Leonardi, akiisogeza simu mdomoni.

"Nzuri, bosi. Upepo tu mwingi."

Bwana Leonardi akauliza jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, namba ya kazi. Ferdinand akataja vyote. Akauliza mlango ulifungwa na nani, saa ngapi, komeo la aina gani. Ferdinand akajibu, na alipokosea dakika alirudi kujisahihisha. Yote yaliandikwa. Ilichukua dakika arobaini. Mwisho Bwana Leonardi alimsomea maelezo yake, Ferdinand akakubali kwamba ni yeye na kwamba ni kweli tupu, Mzee akatia dole gumba kama shahidi ingawa alijua kuandika, kwani hakuuona mstari wa sahihi. Rosalia alimpa mgeni chai na andazi. Alipoondoka walihisi wepesi ambao hawakuwa nao tangu moto. Mzee alimpigia simu ndugu yake Newala, akamwambia wajiandae kuja tena, safari hii watalala kidogo na watalia sana.

Barua ilifika baada ya wiki moja. Rosalia aliisoma kwa sauti.

Kiwanda kilishukuru familia kwa ushirikiano. Kilifurahi kupata habari za mfanyakazi wake. Kwa kuwa marehemu hawezi kutoa maelezo ya dakika arobaini, tena kwa mpangilio, na kwa kuwa mhusika ametaja mwenyewe namba yake ya kazi bila kusaidiwa, imeonekana kwamba Ferdinand yu hai na amekuwa mtoro kwa siku hamsini na nane. Uongozi umeamua kumsamehe. Aripoti Jumatatu saa moja asubuhi. Kuhusu mlango, maoni yake yamepokelewa.

"Mie ndiye niliyemwambia ajibu vizuri," alisema Mzee.

"Ungemwambiaje, baba?" Rosalia alisema. "Amtukane mgeni?"

Alasiri ile Mzee alipanda tena kwenye mchezo na kumsihi mwanawe asiende. Abaki mlimani, kuna hewa. Ferdinand alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zake zote.

"Nisipokwenda wataandika nimeacha kazi kwa hiari," alisema. "Rosa ataitwa mke wa mtoro mtaa mzima. Tena siwezi kufa mara mbili, baba. Watanifanya nini?"

Jumatatu asubuhi mlima ulikuwa mtupu. Kiwandani, joka lilisimama kwenye foleni ya zamu ya saa moja, limejikunjia mkia lisije likamkwaza mtu. Jabiri, mlinzi wa getini, alimwomba simu yake kwa ajili ya sanduku. Ferdinand akamwambia iko nyumbani, Jabiri akaandika. Wenzake walimwambia amenenepa. Boila nyingine ilikuwa haijanunuliwa badala ya ile iliyoungua, kwa hiyo alipelekwa chumbani kwake akaambiwa apulizie moto matangi ya maji, na kufikia saa nne mvuke ulikuwa mzuri kuliko zamani. Msimamizi alisema hadharani kwamba hajawahi kuona magodoro yametoka laini kiasi kile. Kiwanda hakikuagiza tena dizeli.

Mchana Mzee Kasiani alikwenda getini na bakuli la ugali na kisamvu. Jabiri alimwamkia, akampa kiti.

"Ferdinand yumo?"

"Yumo, mzee. Anapiga kazi."

"Na mlango?"

Jabiri alitazama upande wa kiwandani, kisha akatazama bakuli. "Umefungwa. Akitoka tu maji yanapoa, ishu ndiyo hiyo. Wameweka komeo jipya la chuma, maana lile la zamani liliyeyuka."

"Anatoka saa ngapi?"

"Kwenye karatasi yake hawajaandika."

Mzee aliacha bakuli, akarudi nyumbani taratibu. Alimkuta Rosalia amesimama mlangoni na gauni jeusi, lile alilokuwa amelivaa tangu wiki ya moto, na mkononi ameshika jingine la maua.

"Baba, nivae lipi?"

Mzee alikaa kwenye kigoda. Hakutaka kumdanganya, wala hakutaka kumwonea.

"Vaa la maua," alisema. "Mumeo yuko kazini."

Rosalia akaingia ndani akabadilisha. Alipotoka, walikaa uani, yeye na mkwewe, wakamlilia Ferdinand kwa sauti ya chini sana, majirani wasije wakasikia wakaja kuwapa pole ya msiba ambao hawakuwa na kibali chake.