Mipira Mipya ya Pikapu ya Dafroza

Dafroza alikuwa amelala chini ya pikapu yake, akiusokota mpira wa rejeta uliopasuka, mpaka ukachomoka na maji yote yakammwagikia shingoni. Ya baridi, jamani! Njombe mwezi wa saba hata ng'ombe anatetemeka.

"Kamwene, mama," alisalimu fundi Odilo, mipira mipya begani. "Si ungeniachia mimi?"

"Nikikuachia wewe jua litazama. Lete bisibisi."

Hakuwa na jeuri, alikuwa na haraka. Mnunuzi wa viazi kule Makambako alishamwambia: ukichelewa tena, mzigo wako sipokei msimu wote. Angewahije, na gari lile la zamani la dizeli kila kilima linahema na kutoa moshi mweusi? Tena njiani yupo askari anayeupenda moshi huo kuliko mshahara wake. "Moshi, mama. Weka pembeni." Kila safari! Na pembeni pana bei yake, madereva wote wanaijua.

Wakabadilisha mipira ya maji, ya dizeli, na ule mnene wa kuvuta hewa, uliokuwa umebonyea kama soksi. Dafroza akawasha, akakanyaga mafuta.

Moshi. Mweusi uleule.

"Haki ya Mungu nitalia," alisema, na machozi yalimlenga kweli.

Odilo akalizunguka gari, akasimama mbele, akaangua kicheko. Dafroza alikuwa amefunga kipande cha gunia mbele ya rejeta, kama tufanyavyo wote huku baridi ikianza, injini ipate joto. Gunia lilikuwa limefyonzwa, likaziba mdomo wa bomba la hewa.

"Mama, umelifunika blanketi mpaka puani! Ndiyo maana hata mpira ulibonyea."

"Na wewe na kofia yako ya sufu unamcheka nani?" Akalinyofoa gunia. Injini ikanguruma, moshi ukakatika.

Wakapakia viazi, akaondoka. Vilima alivipanda huku akiimba pambio la kanisani kwa sauti yote. Askari alikuwa palepale.

"Leseni. Moshi huo, mama."

"Uko wapi?"

Askari akaenda nyuma, akainama. Dafroza akakanyaga mafuta. Hakuna kitu. Askari akafungua boneti, akachungulia.

"Mipira mipya hii. Aliyeifunga ana cheti?"

"Andika, afande."

"Niandike nini?"

"Kosa langu. Andika gari halitoi moshi, usaini, nikamwonyeshe mkubwa wako."

Malori nyuma yakaanza kupiga honi. "Mwandikie mama wa watu tupite!" dereva mmoja akapaza sauti. Askari akarudisha leseni bila kumtazama.

"Safari ijayo nitakuwepo hapahapa," alisema.

"Na mimi nitapita hapahapa," alijibu Dafroza, akaingiza gia.