Kupungua kwa Wachuka

Muchiri alilitamka neno lenyewe mdomo ukiwa umejaa mbuzi. Walikuwa wameketi katika kibanda cha nyama choma pale Chaka, na sahani ya mbavu ilikuwa mbele yake, si mbele yao, kwa sababu alikuwa ameivuta upande wake tangu ilipoletwa. Alifuta mafuta kidevuni, akamtazama Wachuka kuanzia mabegani hadi kiunoni kama mtu anayekagua ndama wa kununua, akasema kwamba wazee wake wako tayari kwenda Kiriaini kumposa, ila kuna jambo moja dogo.

"Punguza mwili kidogo kwanza," alisema. "Si mimi, mimi sina shida. Ni vile watu wataona kwa picha."

Watu! Muchiri alikuwa na watu wake, wasio na majina wala nyuso, ambao aliwatanguliza kila alipokuwa na jambo la aibu la kusema. Mwenyewe alikuwa na tumbo lililoingia mlangoni kabla yake, lakini tumbo la mwanamume huku kwetu huitwa afya njema na watu hupisha lipite. Wachuka alikuwa na miaka thelathini na minne, na sita kati ya hiyo alikuwa amemngoja huyu. Mama yake kule Kiriaini alikuwa ameacha kumwuliza, na kimya cha mama kilimuuma kuliko maswali. Alitaka kuolewa, tena alitaka kuolewa na Muchiri, na hakuona haya kulitaka. Akameza hasira, akasema sawa.

Kikundi cha kupunguza mwili kilikutana kila Jumatano jioni katika darasa la chekechea, nyuma ya duka la Wachuka la chakula cha mifugo. Mchana kutwa Wachuka aliwauzia wakulima wa Kieni unga wa kunenepesha ng'ombe, akiwaeleza kiasi cha asubuhi na kiasi cha jioni. Jua likizama alifunga duka, akavuka uwanja, akaenda kulipia kufundishwa kukonda. Wanawake wazima walijibana kwenye viti vya watoto wa miaka minne, magoti yakikaribia kidevu, ukutani kukiwa na picha ya tembo na neno "tembo". Hakuna aliyeketi chini ya picha hiyo.

Mwalimu aliitwa Lynn. Alikuwa msichana wa Nyeri mjini, mwembamba tangu kuzaliwa, asiyewahi kunenepa hata kwa bahati mbaya, na alizungumza juu ya unene kama mtu anayesimulia nchi asiyowahi kufika. Programu yake aliitoa kwenye mtandao, na ilionekana wazi kwamba imeandikwa na watu wa kwenye theluji. Asubuhi ule matunda fulani ya porini, mchana samaki wa bahari ya baridi, jioni mbegu kutoka nchi ambayo hakuna aliyeijua iko upande gani. Nduta, aliyeuza viazi sokoni na kuvila pia, aliuliza kama mukimo, ule mponde wa viazi na mahindi, ni mboga, maana una majani ya malenge ndani. Lynn alisema ataulizia. Mpaka leo anaulizia.

Mizani iliwekwa sakafuni, na sakafu ya darasa lile haikuwa sawa. Haikuchukua muda kikundi kikagundua kwamba karibu na dirisha mtu hupungua kilo mbili bila kutoa jasho. Tangu siku hiyo kila mmoja alitaka kupimwa karibu na dirisha, akiwa amevua viatu, saa na kitambaa cha kichwa, na Lynn, aliyependa kuona watu wakifaulu, aliwapigia makofi. Halafu kulikuwa na picha. Kila mlo ulitakiwa upigwe picha na kutumwa kwa simu ili wenzako wakuone. Sahani moja ya Nduta, kabeji na yai la kuchemsha, ilipigwa kutoka pembe tofauti na kutumwa wiki nzima. Yai lenyewe lilikuwa limeanza kubadilika rangi.

Aliyekuwa hana muda wa maigizo hayo alikuwa Zeynab. Alikuja kwa gari kutoka Nanyuki, ambako mume wake Olow alikuwa mfanyabiashara wa mifugo na mteja mkubwa wa Wachuka. Daktari alimwonya juu ya presha, basi akaja. Alikuwa mrefu, mpana, na hakumung'unya maneno kwa ajili ya mtu. Siku ya kwanza alimwambia Lynn kwamba maziwa ya ngamia hataacha, na kama hiyo programu haijui ngamia, basi programu ndiyo inahitaji kufundishwa. Lynn akaandika "ngamia" pembeni mwa karatasi yake.

Wachuka peke yake ndiye aliyelichukulia jambo hili kwa dhati, na alilichukulia kwa akili yake mwenyewe. Ile karatasi ya Lynn aliitumia kufungia dawa ya kupe. Alichofanya ni kuchukua maneno yaleyale aliyowaambia wakulima na kuyageuza. Ng'ombe akilishwa wanga, akafungwa mahali pamoja, akaongezwa usiku, atanenepa; basi yeye akapunguza viazi na chapati, akawa anashuka kwenye matatu mapema na kumalizia safari ya dukani kwa miguu, na baada ya giza hakutia kitu mdomoni ila maji. Mboga za managu na maharagwe vikachukua mahali pa samaki wa bahari ya baridi. Hakutuma picha. Alikuwa na njaa mbaya, njaa ya kumfanya aote mutura, yale matumbo ya mbuzi yaliyojazwa nyama na kuchomwa, na asubuhi aliamka na hasira na kila mtu.

Na kila mtu alimpinga. Alipokwenda nyumbani Kiriaini na kuomba chai ya rangi, mama yake aliweka chini birika na kuanza kulia, kwa maana katika boma lenye ng'ombe wawili wa maziwa chai ya rangi hupewa mgeni asiyetakiwa. Alipoacha nusu ya githeri kwenye sahani, mama alikwenda kumwuliza mchungaji kama binti yake ni mgonjwa na anamficha. Wateja dukani walianza kumsemesha kwa sauti ya chini ya matanga. Mwanamke akikonda milimani huku, watu hawasemi amependeza. Wanauliza ni nani amemuacha.

Mwili ulipungua. Ulipungua kwenye mizani ya Lynn, na hata mbali na dirisha. Ulipungua kwenye mizani ya dukani, isiyokuwa na huruma na mtu, hadi akaona amepoteza uzito wa mfuko mdogo wa unga wa ng'ombe, ule anaoubeba mwanamume begani akiguna. Nguo zilimning'inia, fundi akazibana, zikaning'inia tena. Zeynab alimzunguka siku moja darasani, akamwambia amekuwa msichana. Nduta alimwonea wivu waziwazi na hakuficha.

Akabaki Muchiri. Wachuka alimwendea mtaani Skuta alikokaa, amevaa sketi iliyobanwa mara mbili, akasimama mlangoni kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuingia. Muchiri alimwuliza kama ameiona chaja yake. Wachuka akajiambia wanaume ndivyo walivyo, macho yao huchelewa. Huo ulikuwa uongo na aliujua, lakini alikuwa amechoka kungoja, na aliyechoka hujidanganya upesi.

Hatimaye siku ya ruracio, sherehe ya kupeleka mahari, ikapangwa, si kwa sababu ya kiuno cha mtu bali kwa sababu mama yake Muchiri alichoshwa na visingizio vya mwanawe. Muchiri alileta habari hiyo kama zawadi. Alisema amefikiria, na ameamua waende tu hivyohivyo, hata kama Wachuka hakufaulu. Yeye si mtu wa kuweka kinyongo. Wachuka alisimama na kikombe mkononi, akahisi damu inampanda usoni. Hata hivyo alipiga simu Kiriaini usiku huohuo, na mama yake alipopiga vigelegele, yeye pia alifurahi.

Sasa, ruracio ina mchezo wake ambao wanawake huungoja kuliko pilau. Bibi arusi hufichwa kati ya wanawake wengine, wote wakafunikwa leso kutoka utosini hadi chini, na bwana arusi huletwa mbele yao amchague wake. Akikosea, analipa mbuzi na kuchagua tena. Shangazi Ngendo, dada wa baba yake Wachuka, ndiye aliyeshika usukani wa siku hiyo, na alikuwa na sheria moja: wanaofunikwa wawe na umbo moja na bibi arusi, la sivyo ni kumpa mtu mtihani pamoja na majibu. Shangazi alikuwa hajamwona Wachuka kwa muda. Akamwagiza alete wenzake wa kile kikundi cha Chaka.

Wakaja, na shangazi alipowaona wamesimama pamoja kwenye chumba cha kuvalia alishika kiuno. Baada ya miezi yote ile ya mizani na makofi, wengine walikuwa wameongezeka. Zeynab alikuwa vilevile, mrefu na mpana. Nduta alijaza mlango. Wale wawili waliobaki, walimu wa shule, walikuwa wamepungua kwenye picha tu. Kati yao Wachuka alionekana kama mtoto aliyepotea. Shangazi alisema ni kuchelewa sana kutafuta wengine. Akawavisha wote soksi nyeupe za aina moja, akawafunika leso mpya, akawatoa uani. Zeynab alisema chini ya leso kwamba yeye hana taabu, amezoea joto la kwao Isiolo.

Chini ya leso Wachuka alikuwa na furaha. Ni lazima kusema hivyo, kwa sababu baadaye watu walidai alikuwa amepanga tangu mwanzo. Leso ilinukia duka, na alichofikiri ni kwamba leo Muchiri atalazimika kumwangalia. Atamwangalia vizuri, mbele ya watu wote, na atamjua.

Muchiri akaletwa na wenzake kwa nyimbo. Kingori, mdogo wake, alimwuliza atamtambua vipi na hata vidole havionekani. Wachuka alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwao, na Muchiri hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Hii ni kazi rahisi, bana," alisema. "Natafuta tu yule mkubwa. Hapo siwezi kosa."

Akapita mbele ya mstari. Kupitia mwanya wa leso Wachuka aliona viatu vyake, vyeusi, vimepakwa rangi hadi vinang'aa. Vilifika mbele yake, vikapita bila kusimama. Bega hili la Wachuka, Muchiri alikuwa amelilalia miaka sita.

Muchiri akanyoosha mkono mbele ya Zeynab. Zeynab akajifunua mwenyewe, na kilemba chake cha buluu kikatokea, na wanawake wakacheka hadi wengine wakashikana.

"Mimi Olow alinioa kitambo," Zeynab akamwambia, "na alilipa ngamia. Wewe uko na ngamia?"

Mbuzi akalipwa. Muchiri akacheka na wengine, akarudi kwenye mstari, akamchagua Nduta, maana Nduta ndiye aliyefuata kwa ukubwa. Mbuzi wa pili. Kicheko kilikuwa kidogo zaidi, na upande wa wazee wa Kiriaini mtu alikohoa. Kingori akamnong'oneza kaka yake kwamba mbona hamwangalii yule mwembamba, lakini Muchiri alijibu kwa hasira kwamba ati huyo hawezi kuwa, anamjua mtu wake. Akamchagua mwalimu mmoja. Akamchagua mwalimu wa pili. Alikuwa anashuka kutoka mnene hadi mwembamba kama mwanamke anayechagua viazi sokoni, na uani palikuwa pametulia kiasi cha kusikia mbuzi wanaolipwa wakilia nyuma ya nyumba.

Joto lilikuwa limemtoka Wachuka. Hakulia. Alihisi dharau, dharau safi, na ilimshangaza jinsi ilivyokuwa nyepesi kuibeba. Alimdharau Muchiri, akajidharau kidogo yeye pia kwa zile njaa zote za usiku, kisha akaacha kujidharau, kwa sababu njaa zile alizishinda mwenyewe na mwili huu ulikuwa wake.

Muchiri akafika mbele yake. Hakuchagua. Hakuwa na wa kuchagua tena. Alishika leso kwa pembe, akaivuta, akatabasamu akiwa na jasho.

"Haya," alisema, "kumbe ni wewe."

Wachuka alimtazama usoni. Shangazi Ngendo alikuwa ameshafungua mdomo apige vigelegele.

"Umekosea tena," Wachuka alisema.

Hakupaza sauti, lakini uani pote palisikia. Mtu mmoja alianza kucheka akifikiri ni sehemu ya mchezo, kisha akaacha. Wachuka akaichukua leso kutoka mkononi mwa Muchiri, akajifunika upya kutoka utosini, taratibu, akasimama wima mahali pake.

Shangazi Ngendo alifunga mdomo. Alimwangalia binti wa kaka yake, akawaangalia wazee waliokaa mezani, akawatangazia kwa sauti ileile aliyotumia kila mara kwamba bwana arusi amekosea.

Muchiri akageuka kuangalia mstari mzima. Hakukuwa na mwingine aliyefunikwa.