Chokaa Kabla ya Jumamosi

Barragán alikuwa na tabia ya kujifuta vidole kwa karatasi laini yenye manukato kila alipomaliza kusalimiana nasi. Alidhani hatuoni. Mimi naona. Kazi yangu ni kuona: mwaka wa thelathini na moja huu naandika matangazo ya madansi kwenye kuta za barabara ya kutokea Puebla, hapa Meksiko, na nikikosea mstari kwa upana wa kidole, tangazo zima linaonekana limelewa. Mtu yule wa shirika la kubadilishana wasanii vijana alinichefua tangu siku ya kwanza.

Alituletea kijana kutoka Rotterdam, Joost, miaka ishirini na mitatu, ambaye alikuwa hajawahi kuvuka bahari. Alikuja kusikiliza muziki wetu, kutazama kuta zetu na kujifunza ubunifu wa herufi. Kijana mwenyewe sikuwa na neno naye. Alikula chapati za mahindi zenye utumbo mpaka pilipili ikamliza, akaomba nyingine. Alishinda kwenye vumbi akinitazama nikipiga uzi wa chaki ukutani ili mistari inyooke. Binti yangu Yadira, aliyesoma Kiingereza chuoni, ndiye aliyekuwa mkalimani wake.

Kilichompendeza kuliko vyote ni sheria yetu sisi waandishi wa kuta. Hatuna sheria nyingi. Ukuta wowote unaweza kupakwa chokaa na kuandikwa upya, hata ukiwa na kazi ya hasimu wako, ila si kabla ya dansi lililotangazwa kuchezwa. Watu wa barabara ile hawanunui magazeti, wanasoma kuta. Ukifuta siku moja kabla, umemfungia mwenye dansi mlango, na wenzako hawatakusalimia tena.

"Anasema kwao kila mtu anachora juu ya kazi ya mwenzake," Yadira akanitafsiria. "Anasema nyie mna adabu."

"Mwambie ahsante."

Nilivimba kichwa, nakiri. Nilitembea siku nzima kama sheria ile niliitunga mimi.

Alhamisi Barragán akanifuata nyumbani. Alitaka Joost achore ukuta mkubwa wa kwenye kona, karibu na fundi matairi, kwa sababu ndio wenye mwanga mzuri wa picha.

"Ule una tangazo la Mzee Hermilo," nikamwambia. "Dansi lake ni Jumamosi."

"Joost anaondoka Jumamosi asubuhi, mama."

"Basi achore kwingine. Kuta zimejaa tele."

"Wapiga picha wanakuja kesho." Akachomoa karatasi yake laini. "Unajua, kuna nafasi ya kijana mmoja wa hapa kwenda Rotterdam. Miezi sita. Muziki, kuta, ubunifu, kila kitu. Mimi nilikuwa namfikiria Yadira. Sasa shirika, mama, linapenda watu wanaoshirikiana nalo."

Alisema hivyo huku akitabasamu. Nilitema mate chini, karibu kabisa na viatu vyake, nikamwambia aondoke kwangu kabla sijasahau kwamba ni mgeni. Aliondoka bila haraka. Mtu anayejua bei yako hana haraka.

Yadira alikuwa uani akiosha brashi. Juu ya kitanda chake alikuwa amebandika ramani ya Rotterdam, na mitaa ambayo Joost alimtajia ameizungushia kalamu nyekundu. Hajawahi kufika mbali kuliko Veracruz. Ana mkono mzuri kuliko wangu, na simsifu kwa kuwa ni wangu. Hapa ataandika majina ya watu ukutani mpaka kifua chake kijae vumbi la chokaa, aanze kukohoa ninavyokohoa mimi.

Ijumaa asubuhi nikachanganya chokaa.

Niseme wazi: hakuna aliyenishika mkono. Nilianza na jina la Hermilo, herufi za bluu zenye kivuli chekundu, nilizoziandika mwenyewe wiki mbili kabla. Chokaa mbichi haifichi vizuri. Jina liliendelea kuonekana, nikapaka mara ya pili, likaonekana tena, nikapaka mara ya tatu. Mkono haukusimama.

Mzee Hermilo akapita na mfuko wake wa mikate. Ana miaka sabini na tatu, na spika anazopigia muziki wa madansi yake ni za zamani kuliko Yadira. Watu wanamfuata kwa sababu katikati ya muziki wa kumbia husoma kwenye kipaza sauti salamu zote wanazompa kwenye vikaratasi, hata za watu aliogombana nao. Akasimama nyuma yangu.

"Domitila, leo siku gani?"

"Ijumaa, mzee."

"Aa. Nilidhani nimeanza kusahau."

Akaenda zake. Angenitukana ningefurahi.

Saa nne wakafika wote: Barragán, wapiga picha wawili, Joost na makopo yake ya rangi, Yadira nyuma yao. Joost akausogelea ukuta. Ulikuwa bado umelowa. Akasema kitu. Yadira alikuwa anautazama ukuta. Bluu iliyokuwa ndani ya herufi zile aliijaza yeye.

"Mama," akasema, "anauliza dansi lililokuwa limetangazwa hapa lilichezwa lini."

Barragán akainamia simu yake.

"Jumamosi iliyopita," nikasema.

Yadira akanitazama. Jumamosi iliyopita tulikuwa nyumbani sote wawili, tukipukuchua mahindi. Nilimsubiri aseme. Nilitaka aseme! Aropoke, alie, aniumbue mbele ya kamera zile, ningemshukuru mpaka naingia kaburini. Barragán akamwekea mkono begani, taratibu.

Yadira akamgeukia kijana akamjibu. Jibu lake lilikuwa refu, refu mara tatu kuliko langu, na alilitoa vizuri, bila kubabaika. Joost akacheka kwa furaha, akaanza kutikisa kopo la rangi.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza.

"Kwamba lilifana," akasema mwanangu. "Kwamba watu walijaa mpaka barabarani, na Mzee Hermilo akasoma salamu zote."