Wageni Wote Walitoa Tano

Mdogo wangu Chizuru alisomea takwimu za utalii chuoni mpaka ikawa hali wali bila kutaja wastani wa punje. Kila akija nyumbani namtania. Kaka ni wa nini tena? Lakini mwaka ule hakucheka. Utafiti wake usipopita hahitimu, na kazi aliyoahidiwa kwenye ofisi ya utalii ya mkoa anapewa mwingine.

Utafiti wenyewe ulihusu nyumba yetu ya wageni, yenye mabwawa ya maji moto. Wageni wapime huduma kwa namba, moja hadi tano, kisha yeye atazame ni kipi hasa kinachowafanya watake kurudi. Mama, mwenye nyumba, akasema madodoso atagawa mwenyewe. Sasa Mama ni mtu wa kumwinamia mgeni anayeondoka mpaka gari lipotee kwenye kona. Alipiga magoti mbele ya kila mmoja, akampa karatasi kwa mikono miwili, na kalamu, na keki ya maharage, akabaki hapo hapo akitabasamu.

Wageni wote walitoa tano. Vyumba tano, maji tano, chakula tano. Hata yule bwana aliyeteleza bwawani akaondoka anachechemea, tano.

Mimi ndiye mpishi, nikavimba kichwa. "Chakula tano tupu! Msalimie profesa wako."

"Kaka, hebu nyamaza." Macho yalikuwa mekundu. "Mwalimu Nagamine kanirudishia kazi yote. Namba zikilingana hakuna cha kulinganisha. Eti sikupima kuridhika kwa wageni, nimepima adabu zao."

"Lakini walifurahi," Mama akasema, kaudhika kweli.

"Mama, nani angekupa mbili mbele ya uso wako?"

Ikabidi aanze upya. Safari hii aliacha madodoso vyumbani, kila moja na bahasha yenye stempu, wageni wakajaze kwao na kuyatuma chuoni bila jina. Mama alikatazwa kuyagusa. Alitii, ingawa nilimfuma akiyanyoosha.

Majibu yalipotimia, Chizuru alikuja jikoni. Uso unang'aa, lakini mimi hanitazami.

"Umepata?"

"Nimepata. Vyumba nne. Maji karibu tano. Mama tano."

"Na chakula?"

"Chakula kimetawanyika."

"Sema lugha ya watu, wewe."

"Wengine tano, wengine moja. Na waliotoa moja ndio wasiotaka kurudi. Wanasema supu ina chumvi mno. Utafiti wote umesimama hapo, kaka. Na mji mzima utausoma. Ukikataa, siandiki."

Iliniuma, sitaficha. Ile supu ni ya marehemu baba. Tangu afariki sijaibadilisha hata kidogo. Nikageukia sufuria nisionekane uso.

Mama alikuwa mlangoni muda wote. Akaja, akachota kijiko, akaonja, akafikiri kama mtu anayejaza dodoso.

"Mbili," akasema.

"Mama! Hii si supu ya baba?"

"Ndiyo. Na yeye nilikuwa nampa mbili, moyoni. Miaka thelathini namaliza bakuli zima, namwambia tamu."

Chizuru alicheka mpaka akaegemea ukuta, na mimi, kwa hasira zangu zote, nikacheka naye. Kisha nikamwambia aandike.